Mishikaki ya nguruwe ya Kithai isikauke

Dada yangu, umesema mishikaki yako ya moo ping (nguruwe wa kuchoma wa Kithai) inaungua nje, ndani inabaki mikavu. Naona umetumia sarara, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Chukua bega au shingo yenye mafuta yake. Ikate vipande vyembamba, bapa, ukikatiza nyuzi za nyama, kisha uvitunge vikibanana. Ukipata vipande vya mafuta matupu, weka kimoja kimoja katikati. Vikiyeyuka vinailainisha nyama yote.

Kwa nusu kilo, twanga kwenye kinu punje 4 za kitunguu saumu, mizizi ya giligilani na nusu kijiko cha chai cha pilipili manga nyeupe. Tafadhali usiitupe ile mizizi! Harufu ya Kithai inatoka humo. Ukiikosa, tumia mashina. Ongeza vijiko 2 vya chakula vya sukari ya mnazi (sukari guru inafaa), kimoja cha sosi ya samaki, kimoja cha sosi ya chaza na tui zito kidogo. Changanya na nyama kabla ya kuitunga, uilaze kwenye friji usiku kucha.

Vijiti viloweke nusu saa. Moto uwe wa makaa yaliyoshika majivu, kwa sababu sukari huungua upesi mno kwenye miali. Geuza mara kwa mara huku ukipaka tui, mpaka nyama iive kabisa.

Bangkok wanaila asubuhi na wali wa kunata. Ukiwa na ukwaju, tengeneza pia sosi ya pilipili kavu ya kuchovea.