Aliyeanza kutibu wagonjwa wa akili kijijini

Hapana aisee, Franco Basaglia, yule daktari wa akili wa Italia, hakuwa wa kwanza kuwatibu wagonjwa wa akili nje ya kuta za hospitali kama unavyosema. Yeye kaingia hospitali ya vichaa ya Gorizia, Italia, 1961, ile sheria ya Italia ya kufunga hospitali za vichaa ni ya 1978. Thomas Adeoye Lambo, daktari wa akili wa Nigeria, alishaanza 1954 pale Aro, Abeokuta, na uzuri wake ni kwamba jengo la hospitali lilikuwa halijaisha hata, akaongea na vijiji vya jirani wapokee wagonjwa kama wapangaji, kila mgonjwa anakuja na ndugu yake, mama au kaka, wa kumpikia na kumwangalia, asubuhi wanatembea hadi kliniki wanapata dawa, jioni wanarudi kijijini. Na waganga wa jadi aliwashirikisha, kitu ambacho madaktari wengi wa enzi zile wasingethubutu.

Hii tulifundishwa kozi ya afya ya akili, mwalimu alikuwa anamtaja kila wiki mpaka tukamchoka lol. Baadaye Lambo akawa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Ibadan, halafu naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) 1973 mpaka 1988, ndo maana wazo la kumtibu mtu karibu na kwao lilifika mbali.

Ila ukisema "wa kwanza duniani" utabishiwa, maana mji wa Geel kule Ubelgiji familia zimekuwa zikikaa na wagonjwa majumbani kwa karne nyingi. Tofauti ni kwamba Geel mgonjwa anakaa na watu baki, Aro ndugu mwenyewe alikuwa anahamia naye.