Kutoka bandari ya Civitavecchia hadi hotelini Roma

Ndugu, umeuliza namna ya kufika katika hoteli yako mjini Roma kwa gharama nafuu baada ya kushuka kwenye meli ya kitalii Civitavecchia. Nakushauri utumie treni ya kawaida ya mkoa, kwani bandari hiyo iko takriban kilomita 70 kutoka Roma, na ilhali nauli ya teksi kwa umbali huo huzidi yuro 100, tiketi ya treni ni kama yuro 5 tu. Panda basi la bure la bandari hadi kituo cha mabasi cha Largo della Pace, kisha uchukue basi la mji hadi stesheni ya treni, au utembee ikiwa mizigo yako ni myepesi.

Tiketi ya karatasi ni lazima igongwe muhuri kwenye mashine kabla hujapanda. Nakusihi usilisahau jambo hili, maana faini yake inaweza kuzidi nauli mara nyingi.

Tazama pia mahali hoteli ilipo kabla ya kuondoka, kwa sababu si lazima ufike Termini, stesheni kuu ya Roma: anayelala karibu na Vatikani hushuka Roma San Pietro, naye wa mtaa wa Trastevere hushuka stesheni yenye jina hilo.