Maswali na Majibu: Nati ya Sampu Inapokataa Kushika

Wiki hii maswali mengi yamekuja juu ya kitu kimoja: nati ya sampu, yaani ya lile beseni la oili lililo chini ya injini, nati inayofunguliwa ili oili chafu imwagike. Kwa hivyo safu yote ya leo ni yake.

Shikamoo fundi. Naendesha Probox ya abiria kati ya Gede na Malindi mjini. Tangu sevisi ya mwisho naona matone ya oili pale ninapolaza gari. Nikijaribu kukaza nati ya sampu inazunguka tu, haifiki mwisho. Nifanyeje? (Dereva, Gede)

Marahaba mwanangu. Kwanza iache, usiikaze tena. Kila ukiizungusha unakwangua thredi (ile mikunjo inayoshikana ya nati na shimo) zilizobaki, na hizo chache ndizo zinazoizuia isidondoke. Ikidondoka barabarani umebeba abiria, oili yote inamwagika kwa dakika chache, na injini ikizunguka bila oili beringi za krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, zinaungua. Hapo hatuzungumzii tena nati, tunazungumzia injini nzima.

Mwaga oili kwenye beseni safi injini ikiwa vuguvugu. Kama ni oili mpya ya juzi, ichuje kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, utairudisha. Kisha ipanguse nati na uiangalie juani. Ukiona uzi mwembamba wa chuma unaong'aa umejiviringisha kwenye thredi zake, basi hizo ni thredi za sampu zimeng'oka zikatoka nazo. Kama hakuna uzi, na thredi za nati yenyewe zimelika zikawa laini, ingiza ncha ya kidole shimoni upapase. Thredi za sampu zikiwa bado kali, dawa yako ni nati mpya na washa mpya, ile pete bapa inayokaa chini ya kichwa cha nati, basi.

Lakini nenda dukani na nati ya zamani mkononi. Toyota nyingi ndogo zinatumia nati ya milimita 12 yenye nafasi ya 1.25 kati ya thredi na thredi. Honda nyingi ni milimita 14 kwa 1.5. Kuna nati zinazofanana kabisa kwa macho lakini nafasi ya thredi si moja, na ukiisukuma kwa spana inaingia huku inaharibu. Ianze kwa vidole. Nati iliyo sahihi inaingia mizunguko kadhaa kwa vidole vitupu. Ikigoma, si yake, itoe.

Sasa tuseme thredi za sampu ndizo zilizokwisha. Utauziwa nati nene kidogo inayojikatia thredi mpya yenyewe. Inafanya kazi, sikatai, ila naihesabu kuwa ni ya kukufikisha. Ikiingia upande hata kidogo, uso wake haulali sawasawa kwenye sampu na uvujaji unaendelea. Tena ukiifungua kila sevisi, shimo linapanuka. Ukilazimika, chukua ile yenye nati ndogo katikati: kubwa inakaa daima, unafungua ndogo tu.

Tiba ninayoiamini ni kushusha sampu. Kama ni ya bati, thredi zake ziko kwenye nati iliyochomelewa kwa ndani. Fundi wa kuchomea anaikata na kuweka nyingine. Sampu iwe chini, imeoshwa, imekauka. Asikuchomelee ikiwa bado iko kwenye gari na oili ndani yake, huo ni moto. Au tafuta sampu nzima iliyotumika kwa wauza spea. Gari lako linalala siku moja au mbili, najua hizo ni siku za hesabu ya tajiri, lakini mweleze ukweli kabla injini haijamweleza.

Fundi, gereji moja hapa Maweni walinifungia nati ya sampu kwa tepu nyeupe ya mabomba na silikoni nyingi. Haivuji. Nina haja ya kuhangaika? (Mama mwenye Vitz)

Unayo, dada yangu. Kinachoishika nati ni thredi. Kinachozuia oili ni washa. Silikoni haifanyi kazi ya thredi. Inaficha tu kwamba hazipo, na mtikisiko wa barabara unaendelea kuilegeza nati kidogo kidogo. Silikoni iliyozidi inakatika vipande ndani ya sampu, vinavutwa hadi kwenye chujio la pampu ya oili na kuliziba. Tepu nayo inaifanya nati iteleze, mtu anadhani bado haijakaza, anaongeza nguvu. Usingoje sevisi ijayo. Peleka gari kwa mtu mwingine, afungue, asafishe shimo na aangalie thredi kabla ya lolote.

Nati yangu haijaliwa thredi, kichwa chake ndicho kimekuwa mviringo. Spana inateleza. (Mwalimu, Marafa)

Mwalimu, weka mbali spana ya wazi, na hata soketi ya pembe 12. Tafuta soketi ya pembe 6 iliyo ndogo kidogo kuliko kichwa, ipigilie kwa nyundo hadi ibane, kisha fungua kwa mpini mrefu na nguvu ya taratibu, si kwa kushtua. Pasha injini joto kidogo kabla ya kuanza. Ikishindikana, koleo ya kujifunga, ile yenye skrubu nyuma ya mpini, iume pembeni mwa kichwa. Kama kilomita zako zimefika na huna vifaa, oili inaweza kunyonywa kwa pampu kupitia bomba la kijiti cha kupimia. Uchafu mwingine utabaki chini, lakini utapata muda wa kutafuta vifaa. Ikifunguka usiirudishe nati hiyo.

Tuktuk yangu imekula thredi za nati ya oili. Mafundi wawili wamenipa maneno mawili. Mmoja anasema nibadilishe injini! (Dereva, Kisumu Ndogo)

Usibadilishe injini, ndugu yangu. Fundi huyo anasema hivyo kwa sababu shimo lako liko kwenye bodi yenyewe ya injini, ambayo ni ya aluminiamu, na hakuna sampu ya kununua peke yake. Lakini aluminiamu inakubali koili ya chuma: shimo linatobolewa kubwa kidogo, linakatwa thredi mpya kwa tapu, koili inasokotwa ndani, na nati ya kipimo kilekile cha zamani inarudi. Ikifanywa vizuri, thredi hizo zinakuwa imara kuliko za mwanzo.

Ugumu ni vipande. Tapu ipakwe grisi nzito ili vipande vya aluminiamu vinate. Fundi aizungushe nusu, airudishe robo, aitoe, aipanguse, aipake tena. Akimaliza, amimine oili mpya kidogo kutoka juu shimo likiwa wazi, itoke na kilichobaki. Fundi anayetaka kuruka hatua hii, mwondokee. Na asimame sawa na shimo. Drili ikienda upande, hapo kweli utakuwa umepoteza bodi.

Kwani nati hii inakazwa kiasi gani? Kila fundi ana mkono wake. (Msomaji, Watamu)

Hapo ndipo maradhi yote ya leo yanapoanzia. Kwa Toyota nyingi ndogo ni kama Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 37 hadi 40. Anayeweza kupata spana ya toko, ile inayopima nguvu hiyo, aitumie. Asiye nayo, akaze kwa vidole hadi washa iguse, kisha kwa ringi spana fupi, mkono mmoja, hadi ahisi washa imebonyea na nati imesimama. Basi. Hakuna kuchomeka bomba kwenye spana, hakuna kukaza kwa mguu. Fundi anayekaza sana mara nyingi anapigana na washa kuukuu iliyokwisha kubonyea, kwa hiyo weka mpya kila sevisi, ya shaba au ya aluminiamu kulingana na gari. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na sampu.

Nakaa Ngomeni, gari linalala karibu na bahari. Sampu imepata kutu karibu na nati. Ni hatari? (Mvuvi)

Kwangua kwa brashi ya waya. Ikibaki bati gumu, safisha mafuta, paka rangi ya kuzuia kutu, usipake kwenye uso wa washa. Bati likibonyea ukilisukuma kwa kidole gumba, badilisha sampu kabla ya kufungua nati hiyo tena, maana itang'oka na kipande cha bati.

Oili iliyomwagika niitupe wapi? (Kijana, Mambrui)

Si mchangani, tafadhali, maana visima vyetu havina kina. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko, uipeleke gereji au kituo cha petroli kinachopokea oili chafu. Uliza kwanza kama wanapokea, ndipo ubebe dumu.