Nakimbia kila asubuhi, mbona mzani umegoma?

SWALI: Habari za kazi. Nina miaka 34, naishi Moshi. Nakimbia siku sita kwa wiki, kama kilomita 5, napanda kuelekea hospitali ya KCMC na kushuka. Nimetoka kilo 82 hadi 77, halafu mzani umegoma, wiki ya tano sasa. Nikishuka magoti yananiuma. Shoga yangu anasema ninyanyue vyuma, lakini naogopa kujaa misuli kama mwanaume. Nifanyeje?
Mama Wawili, Moshi

JIBU: Usiache kukimbia, Mama Wawili, ila punguza. Siku tatu zinatosha. Mbili kati ya zinazobaki zipe mazoezi ya nguvu. Ukipunguza chakula na kukimbia tu, mwili hauchomi mafuta peke yake, unakula na misuli. Magoti hushikiliwa na misuli ya mapaja, kwa hiyo hayo nayo yanadhoofika. Tena mwili wa kilo 77 unatumia nishati kidogo kuliko ule wa 82 kwa njia ile ile.

Hofu ya misuli iondoe. Homoni inayotunisha misuli ya wanaume wewe unayo kidogo mno, na mtu anayepunguza chakula misuli yake haina cha kunenepea. Utakaza, hutatuna.

Jimu si lazima. Tafuta madumu mawili ya lita 5, yale ya mafuta ya kupikia, uyajaze mpaka shingoni. Dumu la nusu maji hucheza, uzito unahama ghafla na kiuno kinayumba. Likijaa maji ni kilo 5, likijaa mchanga mkavu ni kama kilo 8. Chuchumaa hadi makalio yaguse kiti, visigino chini, magoti yafuate vidole, yasigeukie ndani. Kisha inama kutoka nyongani ukiwa umeshika madumu, mgongo umenyooka. Egemea kiti kwa mkono mmoja, mwingine uvute dumu hadi ubavuni. Malizia na pushapu za kuegemea meza nzito. Kila zoezi raundi 3, mara 8 hadi 12, ukipumzika dakika moja na nusu. Toa pumzi unaponyanyua, usiibane. Mara mbili za mwisho ziwe ngumu kweli. Ukifika 12 huku unapiga soga, dumu ni jepesi, ongeza. Hapo ndipo wengi wanapokwama, mwaka mzima na dumu lile lile.

Kuhusu magoti: unaposhuka, paja linafanya kazi ya breki kila hatua. Kimbia kupanda, shuka kwa kutembea. Goti likivimba au kukwama, muone daktari kabla ya kushika dumu.

Angalia na kifungua kinywa. Kilomita 5 kwa uzito wako huchoma karibu kilokalori 380, na chapati mbili nene na chai ya sukari hurudisha zote. Protini lenga gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili, yaani angalau gramu 92 kwa siku. Yai moja lina kama 6, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, glasi ya maziwa 8. Kwenye machalari punguza ndizi, nyama usiipunguze.

Wiki mbili tatu za kwanza mzani unaweza hata kupanda, maana misuli iliyoshtuka hushika maji. Usikate tamaa. Pima kiuno usawa wa kitovu kwa utepe wa fundi cherehani, kila Jumamosi kabla ya chai.

SWALI: Nina siku tatu tu za mazoezi. Nianze na vyuma au mbio?
Msomaji, Ngarenaro, Arusha

JIBU: Vyuma kwanza, miguu ikiwa mipya, kisha dakika 20 hadi 30 za mbio za kuweza kuongea lakini si kuimba. Ukianza na mbio utachuchumaa umechoka, na hapo mgongo hupinda. Ila kama unajiandaa na Kilimanjaro Marathon, geuza: mbio zitangulie.