Watoto wa darasa la tatu walikuwa wapi?

Kwa ninyi mnaoanza kazi ya kupima malaria vijijini, nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza katika bonde la Kilombero nilikuwa nafika kwenye kaya saa tatu asubuhi, siku za kazi. Akina mama wapo, vichanga wapo, wazee wako barazani. Natoboa vidole, nasubiri kipimo, naandika. Wiki ikaisha na wenye vimelea wachache mno, nami nikafurahi. Msimamizi akapitisha kidole kwenye safu ya umri, akaniuliza, "Watoto wa darasa la tatu wako wapi?" Walikuwa shule. Tulirudi Jumamosi, wengine tukawafuata mashambani walikokwenda kuamia ndege maana mpunga ulikuwa unakomaa. Huko ndiko tulikokuta vimelea.

Malaria huua zaidi watoto chini ya miaka 5. Mtu mzima aliyeumwa na mbu miaka nenda rudi huwa na kinga kiasi. Shida ni wa katikati, wa miaka 6 hadi 14 hivi: kinga yake inatosha kumzuia asilale kitandani, haitoshi kufagia vimelea. Anacheza mpira navyo damuni. Baadhi ya vimelea hivyo hugeuka kuwa vya kiume na vya kike, na kwa falsiparamu, aina ya malaria iliyoenea zaidi kwetu, hiyo huchukua siku kama 10 hadi 12. Havileti homa. Vinasubiri mbu tu.

Mbu jike akivinyonya, vinajamiiana tumboni mwake, kisha zinapita siku nyingine 10 hadi 14, kutegemea joto, kabla vizao havijafika kwenye tezi za mate. Kwa hiyo mbu aliyenyonya jana hana la kufanya. Wa kuogopwa ni mbu mzee, na ndiyo maana chandarua chenye dawa kinasaidia hata wasiolala ndani yake: kinawaua kabla hawajazeeka. Mtoto mchanga ndiye anayeugua, lakini aliyempa mbu vimelea mara nyingi ni kaka yake.

Sasa kaka huyo analala wapi? Msiulize, "Mna chandarua?" Watajibu tunacho, na kweli kipo. Mama alipewa kliniki akiwa mjamzito, kingine kwenye chanjo ya surua ya mtoto, vyote vimening'inia chumbani kwake. Ulizeni mtoto mmoja mmoja jana alilala wapi, mwombe kupaona. Mtaonyeshwa mkeka sebuleni. Serikali nayo iliona hilo, ikaanza kugawa vyandarua kupitia shule mwaka 2013 huko Lindi, Mtwara na Ruvuma.

Watu wazima msiwaruke, mbu huwapenda kwa ukubwa wa miili yao, ila vimelea vyao mara nyingi ni vichache hata kipimo cha haraka hakivioni. Kipimo hicho hicho kinaweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtu kupona, basi ulizeni kwanza alimeza dawa mseto lini.

Na umri msiuandike kwa kukadiria kimo. Ombeni kadi ya kliniki; ikiwa imeliwa na panya, ulizeni alianza shule mwaka gani. Jumamosi fikeni alfajiri. Wakishaondoka kwenda kuamia, hamtawapata hadi jua lizame.