Unataka kuongoza okestra? Anza kukaa kwenye selo

Vijana wa kwaya wananitumia meseji, mwalimu mi nataka kuongoza okestra nianzie wapi, na unakuta mwingine ameshanunua na kale kafimbo kabisa. Jibu langu ni lilelile, tafuta kiti katikati ya wapigaji ukae miaka kadhaa, na kama unaweza kuchagua basi kaa kwenye selo, ile ala kama fidla kubwa inayopigwa umekaa umeibana kwa magoti.

Mi napiga selo na nafundisha kwaya kwa hiyo nakwambia nachokiona mazoezini. Mpiga selo sasa hivi anabeba besi, baadae kidogo kapewa melodi, mara anajaza tu katikati na wasikilizaji hata hawajui kama yupo, inabidi umsikilize kila mtu utake usitake. Siku ukisimama mbele sauti ya pili wakichelewa kuingia unajua kabisa walikuwa wanasubiri nini.

Mcheki Arturo Toscanini wa Italia. Mwaka 1886 ana miaka 19 kaenda Amerika Kusini na kundi la opera (igizo linaloimbwa na okestra), anapiga selo na kumsaidia mwalimu wa kwaya (umeona, mtu wa kwaya huyo). Kufika Rio de Janeiro kiongozi kajitoa, aliyeshika nafasi yake kazomewa, wenzake wakamsukuma dogo apande yeye, akaongoza opera ya Aida nzima bila kuangalia kitabu cha nota. Wanaoiita bahati siwaelewi, jamaa alishaishika yote kichwani akiwa kitini, tena macho yake yalikuwa hayaoni mbali so kukariri kwake ilikuwa lazima. 1931 akapigwa kule Bologna kwa kukataa kupiga wimbo wa mafashisti, mwishowe akahamia Marekani, na 1937 redio ya NBC ikamuundia okestra yake ana miaka 70.

Mwingine ni mpiga selo Rostropovich. Katoka Urusi ya Kisovieti 1974, 1977 kakabidhiwa okestra ya National Symphony ya Washington, 1978 kwao wakamvua uraia, na muda wote huo selo hajaiacha. Kwa hiyo we unayewaza kwenda nje usije ukauza ala yako eti umekuwa kiongozi, nchi za watu nani atakupa okestra hakujui? Ila kama mpiga ala watakujaribu.

Halafu jifunze nota za mistari, sol-fa yetu ya kanisani haitakufikisha, selo inarukaruka kwenye funguo tatu (zile alama za mwanzo wa mistari zinazoonyesha nota ipi inakaa wapi). Ukikosa okestra hapa Dar panda boti uende Zanzibar, taarab asilia wanapiga selo pamoja na fidla, udi na kanuni, omba ukae nao.

Na selo yako usiiache kwenye gari lililofungwa juani, gundi inaachia. Daladala za asubuhi sahau, chukua bajaji, maana konda atataka nauli ya watu wawili na wala hajakosea, hata kwenye ndege selo inakatiwa siti yake.