Maswali na Majibu: Bima ya Fidia kwa Wafanyakazi Marekani

Safu hii inajibu wasomaji wenye biashara ndogo Marekani. Fidia ya ajali kazini huko hutungiwa sheria na kila jimbo peke yake, kwa hiyo tazama kwanza swali limetoka wapi.

Swali (Georgia): Kampuni yangu ya usafi imesajiliwa kama LLC, yaani kampuni ya wabia wenye dhima yenye kikomo. Tuko mimi, mke wangu ambaye ni mbia, na dada mmoja anayekuja siku mbili kwa wiki. Nalazimika kukata bima ya fidia?

Jibu: Ndiyo. Georgia huanzia watu 3, na anayekuja siku mbili huhesabiwa sawa na wa kutwa. Nyinyi wabia mnahesabiwa pia. Mnaweza kujiondoa kwa maandishi ili bima isiwahusu, na ada itapungua, lakini idadi ya vichwa inabaki 3. Wengi hujiondoa kisha wakadhani wamebaki na mtu mmoja. Hesabu hiyo usiihamishe jimbo jingine: Alabama ni 5, Florida ni 4, ila kwenye ujenzi hata mmoja anatosha, New York na California mmoja tu tayari ni lazima.

Swali: Naezeka mapaa. Nimelipa awamu zote za bima, mwaka umeisha, na sasa kampuni ya bima inadai nyongeza inayokaribia ada yenyewe. Wananionea?

Jibu: Huenda hapana. Ulicholipa mwanzoni kilikuwa makadirio. Ada hupigwa kwa kila dola 100 za mishahara, kwa kiwango cha kundi la kazi, na mwisho wa mwaka mkaguzi hupitia mishahara halisi. Tuseme ulikadiria dola 60,000 kwa kiwango cha dola 12: ada ni 7,200. Mwisho wa mwaka watu wako wamelipwa 70,000, na kuna fundi uliyempa kazi za dola 40,000 ambaye hana bima yake. Mkaguzi anamwingiza kwako. Jumla ni 110,000, ada 13,200, nawe unadaiwa 6,000.

Kumlipa fundi kwa fomu 1099, ile ya malipo kwa asiye mwajiriwa, hakukuokoi. Kinachotakiwa ni cheti chake cha bima. Na cheti kisome. Kwenye fomu ya ACORD 25, ambayo ndiyo huletwa mara nyingi, kuna mstari wa bima ya dhima kwa wengine na mstari mwingine, chini yake, wa fidia kwa wafanyakazi. Mafundi wengi huleta karatasi iliyojazwa mstari wa juu tu, na mwenye kazi akiona muhuri wa wakala anaridhika. Mstari wa fidia uwe na namba ya mkataba, na tarehe zake zifunike siku zote alizokufanyia kazi. Omba cheti kabla hajapanda ngazi. Kama analeta vifaa vyake, ankara itenganishe vifaa na ufundi, la sivyo sehemu kubwa ya malipo itahesabiwa kuwa mshahara.

Kabla ya kulipa, kagua mambo mawili. Kwanza ovataimu: katika majimbo mengi ile nyongeza haiingii kwenye hesabu. Aliyelipwa dola 30 badala ya 20 kwa saa huhesabiwa 20, mradi daftari la mishahara liionyeshe kando. Pili, makundi. Karani asiyetoka ofisini ana kundi lake, 8810, lenye kiwango kidogo sana. Mwezekaji yuko 5551, ambalo ni ghali. Karani akiwekwa kwa waezekaji, pinga kwa maandishi. Ila karani anayepanda paa mara mojamoja hagawanywi, mshahara wake wote unahamia kwenye kundi la ghali. Na fundi anayefanya kazi za ujenzi za aina mbili hugawanywa kwa saa zilizoandikwa siku kwa siku. Asilimia za kukisia mkaguzi hazikubali.

Swali (California): Kijana wangu amejikata mkono, ameshonwa. Tumekubaliana nilipe zahanati mwenyewe ili bima isipande. Kuna ubaya?

Jibu: Upo. Tangu ulipojua ameumia, una siku moja ya kazi kumpa fomu ya dai, DWC-1. Akiirudisha, una siku moja ya kazi nyingine kuruhusu matibabu, hadi dola 10,000, huku dai likichunguzwa. Lisipokataliwa ndani ya siku 90, huchukuliwa kuwa ajali ni ya kazini. Makubaliano yenu ya mdomo hayaondoi lolote kati ya hayo. Kidonda kikioza au mshipa ukionekana umekatika, utakuwa na dai kubwa lililochelewa, na kampuni ya bima itakuuliza ulikuwa wapi. Hofu ya ada nayo hukuzwa: majimbo mengi yanayofuata hesabu za NCCI, shirika linalokokotoa viwango vya bima hii, hupunguza dai la matibabu pekee, lisilo na malipo ya mshahara, kwa asilimia 70 kabla ya kulitumia kupandisha ada. California ina utaratibu wake, lakini hata huko mshono mmoja haulingani na miezi ya kulipa mshahara wa mtu asiyefanya kazi.

Swali (Texas): Ni kweli huku bima hii ni hiari?

Jibu: Kwa waajiri binafsi walio wengi, ndiyo. Ukiikataa, ijulishe idara ya bima ya jimbo kwa fomu DWC-005 na uwatangazie wafanyakazi. Mfanyakazi akiumia anaweza kukushtaki, nawe hutaruhusiwa kujitetea kwamba alizembea, kwamba aliijua hatari, wala kwamba kosa ni la mwenzake.

Swali: Naweza kukata ada ya bima hii kwenye mishahara ya wafanyakazi?

Jibu: Karibu majimbo yote yanakataza. Washington huruhusu sehemu. Huko, kama Ohio, North Dakota na Wyoming, bima hainunuliwi kwa kampuni binafsi bali kwenye mfuko wa jimbo.